Hugo Grotius na Martianus Capella: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanafunzi wa sheria humjua Hugo Grotius kwa vitabu viwili, kile cha bahari huru na kile cha haki ya vita na amani. Wachache huambiwa kwamba kazi kubwa ya kwanza iliyompa jina haikuhusu sheria. Ilikuwa kuhariri kitabu cha Kilatini kilichotungwa Carthage karne ya 5, na mhariri mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 15. Maswali yafuatayo hujirudia kila mada hii inapoguswa. Mengine yanajibika kwa sentensi chache, mengine yanataka tutulie.

Hugo Grotius ni nani?

Ni Mholanzi, mzaliwa wa Delft, 10 Aprili 1583. Kwao aliitwa Huig de Groot. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden akiwa na miaka 11. Mwaka 1598 alifuatana na ujumbe wa Uholanzi kwa mfalme Henri wa 4 wa Ufaransa, na katika safari hiyo akapata udaktari wa sheria huko Orléans. Desemba 1599 aliapishwa kuwa wakili mjini The Hague.

Baadaye alipanda hadi vyeo vya juu serikalini, akaangushwa na ugomvi wa dini na siasa, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1619 katika ngome ya Loevestein. Mwezi Machi 1621 alitoroka akiwa amejificha ndani ya sanduku la vitabu, kwa mpango wa mkewe Maria van Reigersberch. Kitabu chake cha haki ya vita na amani kilitoka Paris mwaka 1625. Alifariki Rostock mwaka 1645, baada ya meli aliyosafiria kuvunjika.

Na Martianus Capella?

Ni mwandishi wa Kilatini wa mwisho wa zama za kale, mtu wa Carthage. Wataalamu wengi huiweka kazi yake kati ya mwaka 410, Roma ilipotekwa na Wagothi, na mwaka 439, Carthage ilipoanguka mikononi mwa Wavandali. Wapo pia wanaoiweka baadaye kidogo. Aliandika uzeeni, akimwelekea mwanawe aliyekuwa na jina kama lake. Kitabu chake, «Ndoa ya Philologia na Mercurius», kina sehemu tisa, na maandishi yake huchanganya nathari na mashairi.

Je, Capella alikuwa Mwafrika?

Alikuwa mtu wa Afrika kwa maana ya wakati wake, na hiyo ndiyo maana ya asili: «Africa» lilikuwa jina la jimbo la Kirumi ambalo mji wake mkuu ulikuwa Carthage, pembeni mwa Tunis ya leo. Katika shairi la kufungia kitabu anautaja mji huo kuwa ni mji wa Elissa, yaani malkia Dido, na kujiita mtoto aliyelelewa nao.

Inafaa kukumbuka hakuwa peke yake. Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali, alikuwa mtu wa eneo hilo hilo, na alisoma na kufundisha balagha, yaani ufundi wa kusema, Carthage. Kilatini cha karne zile kilikuwa na makao Afrika Kaskazini sawasawa na Italia. Anayesoma historia ya elimu ya Ulaya na kuiruka Carthage anaruka chumba kizima cha nyumba.

Kitabu cha Capella kinasimulia nini?

Mercurius, mungu wa ufasaha, anataka kuoa. Anachaguliwa Philologia, binti wa kibinadamu mwenye kupenda elimu kupita kiasi. Kabla ya kupokelewa mbinguni, Philologia lazima anywe kinywaji cha kutokufa, lakini kifua chake kimejaa vitabu mno. Inabidi avitapike kwanza, na wasichana wa elimu wanaviokota vinavyotoka. Huo ndio mwendo wa sehemu mbili za kwanza: arusi ya miungu, baraza la mbinguni, wageni, mashairi.

Kisha bwana arusi anampa bibi arusi zawadi ya wasichana saba, na kila mmoja anasimama mbele ya miungu kueleza elimu yake: Sarufi, Mantiki, Balagha, Jiometri, Hesabu, Falaki na Muziki. Sarufi ni bibi mzee mwenye kisanduku cha vifaa kama cha tabibu, ndani yake mna kisu na tupa za kurekebisha ndimi za watoto. Mantiki ameshika nyoka mkono wa kushoto. Balagha anaingia akiwa amevaa silaha. Udaktari na Ujenzi nao wapo barazani, lakini wanaambiwa wanyamaze kwa kuwa wanashughulika na mambo ya duniani.

Hizo saba ndizo zilizokuja kuwa mtaala wa shule za Ulaya kwa karne nyingi. Kitabu kilinakiliwa mno: miswada yake iliyobaki inazidi 200. Katika karne ya 9 Yohana Scottus Eriugena na Remigius wa Auxerre walikiandikia maelezo, na karibu na mwaka 1000 Notker wa St. Gallen alizitafsiri sehemu mbili za kwanza kwa Kijerumani cha kale.

Mvulana wa miaka 15 alikutana vipi na kitabu kigumu kama hicho?

Kupitia nyumbani na kupitia mwalimu. Baba yake, Jan de Groot, alikuwa kiongozi wa mji wa Delft na mtu wa vitabu. Alikuwa na muswada wa Capella, akampa mwanawe. Kijana akauonyesha kwa Joseph Justus Scaliger, mwanazuoni mashuhuri kuliko wote wa Leiden wakati ule, ambaye chuo kilimleta kutoka Ufaransa mwaka 1593. Scaliger ndiye aliyemhimiza aishike kazi hiyo.

Uchaguzi huo ulikuwa na sababu ya kielimu. Capella anagusa elimu zote saba, kwa hiyo anayemhariri analazimika kuzisoma zote. Inabidi amlinganishe na waandishi wengine wa Kilatini: katika jiografia na Plinius na Solinus, katika balagha na Cicero, katika muziki na Boethius. Mwalimu anayetaka kumpa mwanafunzi mwenye kipaji shule nzima ndani ya kazi moja angeweza kutafuta sana asipate kitabu bora zaidi ya hiki.

Alifanya nini hasa? Alitafsiri?

Hapana, hakutafsiri. Alisahihisha matini ya Kilatini na kuiandikia maelezo.

Kitabu cha Capella kilipigwa chapa mara ya kwanza Vicenza mwaka 1499. Mwaka 1577, huko Basel, Bonaventura Vulcanius alikitoa pamoja na ensaiklopidia kubwa ya Isidoro wa Sevilla. Vulcanius huyo baadaye akawa profesa wa Kigiriki Leiden, kwa hiyo Grotius alikuwa na mhariri aliyemtangulia katika mji mmoja naye. Lakini matini ilikuwa bado imejaa makosa. Capella hupenda maneno adimu na sentensi zilizojipinda, na mnakili asiyeelewa neno huandika analolijua. Mwishoni mwa karne ya 5 au mwanzoni mwa karne ya 6, pengine hata miaka mia moja haijapita tangu kitabu kitungwe, mwalimu wa balagha wa Roma aitwaye Securus Melior Felix aliweka saini kwamba amekisahihisha kutoka katika nakala zenye makosa makubwa mno. Hebu fikiria hali yake miaka elfu moja baadaye.

Grotius alilinganisha muswada wake na matoleo yaliyochapwa, akarudi kwa waandishi ambao Capella alinakili kwao, na pale ambapo nakala zote zilionekana zimeharibika akapendekeza usomaji wake mwenyewe. Wanaoijua miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu huko Lamu na Pate wataitambua kazi hii mara moja: nakala mbili za utenzi mmoja, beti zinazotofautiana, na msomaji anayetakiwa kuamua ipi iko karibu zaidi na alivyotunga mwenyewe.

Toleo lilitoka Leiden mwaka 1599 katika kiwanda cha chapa cha Plantin, kilichokuwa chini ya Christophorus Raphelengius. Lilitunukiwa Mwanamfalme wa Condé, mtoto aliyekuwa mdogo hata kuliko mhariri. Ndani mna picha ya Grotius iliyochongwa na Jacques de Gheyn: kijana wa miaka 15, amevaa nishani aliyopewa na mfalme wa Ufaransa.

Je, kazi ilikuwa yake kweli, au Scaliger alimfanyia?

Msaada aliupata, na hilo halina aibu. Muswada ulitoka kwa baba, ushauri ulitoka kwa Scaliger, na Leiden ya wakati ule ilikuwa na watu wa kuulizwa kila kona. Hata hivyo maelezo ni ya mtu aliyesoma kwa macho yake. Yana haraka ya ujana, yana tamaa ya kuonyesha kila kitabu alichokifungua, na baadhi ya masahihisho ni makisio ya kijasiri ambayo mhariri mzima angeyafikiria mara mbili. Scaliger na wanazuoni wengine wakubwa wa wakati huo, Lipsius, Casaubon na de Thou, waliisifu kazi hiyo. Sifa za wanazuoni wa enzi zile zilikuwa nyingi na za adabu, kwa hiyo mimi huzipunguza kidogo; lakini hata zikipunguzwa, kinachobaki ni kikubwa.

Sioni uhusiano. Sheria na kusahihisha Kilatini cha zamani vinakutana wapi?

Hili ndilo swali lenye nyama, na jibu lake liko katika historia ya sheria yenyewe.

Sheria iliyofundishwa vyuoni Ulaya wakati huo ilikuwa ile ya Kirumi, na msingi wake mkuu ni mkusanyo ulioamriwa na mfalme Justiniano na kutangazwa mwaka 533, unaoitwa Digesta. Nao ni kitabu cha mwisho wa zama za kale, karne moja tu baada ya Capella. Kilikuwa kimenakiliwa, kimeharibika, kimefasiriwa kwa kuongezewa maelezo juu ya maelezo. Katika karne ya 16 lilizuka kundi la wanasheria, hasa Ufaransa, waliosema hatuwezi kutumia sheria tusiyoijua ilivyoandikwa. Wakarudi kwenye muswada wa kale wa Digesta uliotunzwa Firenze, uliochapwa mwaka 1553, wakaanza kulinganisha neno kwa neno. Kiongozi wao aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa Jacques Cujas.

Mwanafunzi mmoja wa Cujas, mjini Valence, alikuwa ni Scaliger. Mbinu iliyozoezwa juu ya maneno ya mawakili wa Roma ikapita kwa Scaliger, na kutoka kwake ikapita kwa Grotius, akaizoeza juu ya Capella. Kwa hiyo kazi ya mwaka 1599 haikuwa mapumziko ya mwanasheria. Ilikuwa sehemu ya malezi yake kama mwanasheria.

Na hakuwa wa kwanza. Pierre Pithou, wakili wa Paris, ndiye aliyemchapa kwa mara ya kwanza Phaedrus, mtunzi wa hekaya wa Kirumi, mwaka 1596, na mwaka 1580 alikuwa amemhariri Salvianus wa Marseille, mwandishi mwingine wa karne ya 5. Denis Godefroy, aliyetoa mkusanyo mzima wa sheria ya Kirumi mwaka ule ule aliozaliwa Grotius, alikusanya pia waandishi wa Kilatini walioandika juu ya lugha. Mwanawe Jacques Godefroy alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiufafanua mkusanyo wa sheria za Kirumi wa mwaka 438 unaoitwa Codex Theodosianus. Kwa watu hawa, mpaka tunaouona leo kati ya kitivo cha sheria na kitivo cha lugha haukuwapo.

Je, ndani ya Capella mna jambo lolote linalomhusu wakili?

Lipo, na nashangaa halitajwi mara nyingi. Sehemu ya tano, Balagha anapozungumza, ni mafunzo ya mahakamani. Capella anaeleza namna ya kutambua kiini cha shauri: je, tendo limefanyika au halikufanyika? Kama limefanyika, linaitwaje kisheria? Na kama jina limekubaliwa, je, lilikuwa la haki katika hali ile? Mifano mingi ameichukua kwa Cicero. Sehemu ya nne, ya Mantiki, inatangulia na kanuni za hoja halali na hoja danganyifu.

Kijana aliyekuwa miezi michache tu mbali na kiapo cha uwakili alizisahihisha kurasa hizo mstari kwa mstari. Asiyeelewa hoja hawezi kuona neno lililokosewa ndani yake, kwa hiyo alilazimika kuielewa.

Capella mwenyewe alikuwa mwanasheria?

Kuna dalili katika maneno yake ya mwisho kwamba alifanya kazi ya kutetea mashauri, na ujuzi wake wa balagha unaafiki hilo. Grotius katika ukurasa wa jina alimwita mtu wa cheo cha proconsul, yaani gavana wa jimbo la Kirumi, akifuata usomaji uliokuwapo katika nakala. Wataalamu wa leo wanakitilia shaka cheo hicho, kwa sababu mistari inayotumika kukithibitisha ni miongoni mwa iliyoharibika zaidi katika kitabu chote.

Basi tuseme sheria ya kimataifa imetoka kwa Capella?

Hapana. Hapa lazima tuwe wakali, maana shauku ya kuunganisha majina mawili huwafanya watu wavuke mpaka. Hoja za Grotius juu ya vita, mikataba na mali zinasimama juu ya sheria ya Kirumi, Cicero, Maandiko Matakatifu, Augustino, na wanazuoni wa Hispania kama Francisco de Vitoria na Fernando Vázquez de Menchaca. Capella hafundishi haki za mataifa. Anafundisha sarufi na nyota.

Alichompa Grotius ni mkono wa kazi. Mhariri hujifunza kuuliza: shahidi huyu ni nani, alipata wapi habari, kwa nini aongee hivi? Sasa fungua utangulizi wa kitabu cha mwaka 1625. Grotius anaeleza kwa nini anawaita wanafalsafa, wanahistoria, washairi na wasemaji watoe ushahidi juu ya sheria ya asili. Hasemi waaminiwe bila kupambanua, kwa sababu, anasema, wao huwa wanatumikia madhehebu yao, hoja yao, kesi yao. Lakini watu wengi wa nyakati tofauti na mahali tofauti wanapothibitisha jambo lile lile, kukubaliana huko lazima kuwe na chanzo kinachowahusu wote.

Msomaji aliyewahi kuhariri miswada anaijua sauti hiyo. Nakala tatu zilizotoka kwa mama mmoja ni shahidi mmoja tu. Nakala tatu zilizotoka mbali mbali zikikubaliana, hapo unasimama. Naona Grotius aliubeba utaratibu huo kutoka chumba cha vitabu hadi kwenye sheria ya mataifa, na ndiyo maana kurasa zake zimejaa nukuu. Wasomaji wa leo huziona ni mapambo na kuziruka. Kwake yeye zilikuwa ushahidi uliosimamishwa kizimbani.

Vipi kuhusu bahari? Capella ana jiografia, na Grotius aliandika juu ya bahari.

Swali zuri. Sehemu ya sita ya Capella inaitwa Jiometri, lakini kwa kiasi kikubwa ni maelezo ya dunia: Ulaya, Asia, Afrika, mito, pwani. Mengi ameyatoa kwa Plinius. Miongoni mwake imo habari ya Hanno wa Carthage, anayedaiwa kuizunguka Afrika kwa meli hadi mipaka ya Arabia enzi Carthage iliponawiri. Wanahistoria wa leo wanaona Hanno aliishia Afrika Magharibi, ila wakale waliamini hivyo.

Mwaka 1609 Grotius alitoa kijitabu chake cha bahari huru. Kilikuwa sura moja ya kazi ndefu zaidi aliyoianza baada ya nahodha Jacob van Heemskerck kuiteka meli ya Kireno, Santa Catarina, karibu na Singapore mwaka 1603. Wareno walidai njia ya bahari ya kwenda mashariki ni yao kwa kuwa wao ndio walioigundua. Katika sura ya tano Grotius anajibu kwamba wakale waliijua njia hiyo, na anamleta Hanno, akimtaja Plinius. Habari aliyoisahihisha kwa Capella akiwa mvulana ilikuwa sasa imekuwa hoja ya kesi.

Kisha anasema jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi watu wa pwani ya Bahari ya Hindi. Anauliza nani anaweza kuamini kwamba Wamauri, Waethiopia, Waarabu, Waajemi na Wahindi hawakuijua bahari iliyo mbele ya milango yao. Kijitabu kilipotoka, Wareno walikuwa wamekwisha kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, na Waholanzi walikuwa wameizingira ngome ya Wareno kisiwani Msumbiji mwaka 1607 na tena 1608, bila kuitwaa.

Nisimpambe kupita kiasi. Aliandika kwa manufaa ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, na mwaka 1613 alikwenda London kutetea haki ya Waholanzi ya kuwazuia Waingereza biashara ya viungo. Hata hivyo hoja ya kwamba wenyeji wa pwani walikuwapo kabla ya mgunduzi ilikuwa ya kweli, na ni vyema ijulikane kuwa ilitamkwa Ulaya mapema hivyo na mwanasheria wa daraja lake.

Ni kweli Capella alisema sayari zinazunguka jua?

Mbili tu: Utaridi na Zuhura. Yamo katika sehemu ya nane. Dunia bado aliiweka katikati. Copernicus alimtaja kwa heshima kwa sababu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1543. Grotius aliendelea kuipenda falaki: mwaka 1600 alitoa mkusanyo wa mashairi ya nyota ya Mgiriki Aratus pamoja na tafsiri zake za Kilatini, na miaka ya 1630 alijaribu kusaidia Galileo apate hifadhi Uholanzi.

Baada ya Capella, Grotius aliwaacha waandishi wa enzi hizo?

Hakuwaacha. Katika ule mkusanyo wa 1600 yumo Avienus, mshairi wa Kilatini wa karne ya 4, na michoro ya nyota imefuata muswada wa karne ya 9 uliokuwa mali ya Grotius, ambao leo umehifadhiwa Leiden. Augustino anatajwa mara kwa mara katika kitabu cha vita na amani.

Kisha kuna kazi ya uzeeni isiyosomwa sana, historia ya Wagothi, Wavandali na Walombardi, iliyochapwa Amsterdam mwaka 1655 baada ya kifo chake. Humo alimtafsiri mwanahistoria Procopius kwa Kilatini na kuwaweka pamoja wanahistoria wengine, Jordanes, Isidoro na Paulo Shemasi. Wavandali hao ndio walioitwaa Carthage. Alikuwa balozi wa Sweden mjini Paris, na Wasweden walijiona ni wazao wa Wagothi, kwa hiyo kazi ilikuwa na siasa ndani yake; lakini ni ya mtu aliyekuwa akizijua karne hizo tangu utotoni.

Toleo la 1599 bado lina thamani?

Kwa kusoma Capella, hapana. Wahariri wa karne ya 19 na 20 walikuwa na miswada mingi na bora zaidi. Maelezo ya Grotius lakini hayakutupwa: Ulrich Friedrich Kopp aliyachapa tena katika toleo lake kubwa la mwaka 1836, pamoja na ya Vulcanius na wengine, na baadhi ya masahihisho ya kijana yule yanaendelea kutajwa chini ya kurasa.

Kuna mwanasheria mwingine aliyejaribu kumhariri Capella?

Yupo Gottfried Wilhelm Leibniz, ambaye wengi humjua kwa hisabati na falsafa ilhali udaktari wake, wa mwaka 1667, ulikuwa wa sheria. Alipokuwa Paris miaka ya 1670, Pierre-Daniel Huet alikuwa akiandaa mfululizo wa waandishi wa Kilatini kwa ajili ya mrithi wa kiti cha mfalme, na Leibniz akamchagua Capella. Hakuimaliza kazi hiyo.

Nianzie wapi nikitaka kumsoma Capella mwenyewe?

Usianze na arusi. Sehemu mbili za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na wasomaji wengi huishia hapo. Mwanasheria na aanze na ya tano. Mpenzi wa safari na ramani aanze na ya sita. Anayependa nyota aende ya nane, iliyo safi na fupi. Ukishaizoea sauti yake, rudi mwanzoni kwa Philologia na vitabu vyake. Kwa upande wa Grotius, soma kwanza utangulizi wa kitabu cha 1625, kisha sura ya tano ya kijitabu cha bahari, na uzisome nukuu zake pamoja na majina yaliyo pembeni ya ukurasa bila kuziruka.